Viungo vya mtandao visivyofunguka baada ya kufuta navigateri

Jambo hili linaonekana mara nyingi huku kwetu Kirumba, na vile vile Butembo na Beni. Padri au katekista ana ordinateri ya zamani, nayo inakwenda polepole. Anaona ndani yake navigateri mbili au tatu, anasema moyoni: « Ya nini zote hizi? Moja inatosha. » Basi anafuta moja. Kesho yake anapokea barua ya mtandao toka jimboni, na ndani yake kuna kiungo cha karatasi ya kujaza. Anafinya kiungo, hakuna kitu. Anafinya mara ya pili, na mashini inamjibu ya kwamba kazi hiyo imekatazwa katika ordinateri hii, sherti amwone msimamizi wake. Lakini msimamizi ni nani, ikiwa si yeye mwenyewe?

Hapo wengi wanakata shauri baya. Wanaipeleka mashini mjini kwa mtu wa kutengeneza, naye, kwa haraka, anafuta vyote vilivyomo na kuweka Windows upya. Kweli kiungo kinafunguka. Lakini majina ya wabatizwa yaliyoandikwa mle kwa miaka mingi, barua za ndoa, hesabu za parokia, vyote vimekwenda. Hasara hiyo ni ya bure kabisa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo, na dawa yake ni ya dakika kumi. Ndiyo sababu inafaa tuueleze kwa utaratibu: kwanza maana ya maneno, kisha asili ya kosa, kisha dawa, na mwisho namna ya kujikinga.

I. Maana ya maneno

Navigateri ni programu ya kusomea kurasa za mtandao. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita kivinjari. Zinazojulikana zaidi ni Google Chrome, Mozilla Firefox, Microsoft Edge na Opera. Internet Explorer ya zamani, Microsoft iliiondoa kazini tarehe 15 Juni 2022, lakini alama zake zingali zinaonekana katika mashini nyingi.

Kiungo ni maneno machache, mara nyingi ya rangi ya buluu na yenye mstari chini, ambayo ukiyafinya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Aliyebuni kazi hii ya kurasa za mtandao ni Mwingereza Tim Berners-Lee, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuitumia bila kulipa. Ikaenea upesi: kwa Noeli ya mwaka 1995 Vatikano nayo ilikuwa imekwisha kufungua mahali pake katika mtandao.

Sasa shika neno hili, maana ndilo msingi wa yote: kiungo hakijifungui chenyewe. Kiungo ni anwani tu. Tena programu unayosomea barua, kama Outlook au Thunderbird, si kazi yake kufungua kurasa za mtandao. Ukifinya kiungo, programu hiyo inauliza Windows: « Anwani hii inaanza na https. Nani anafungua anwani za namna hii? » Windows inatazama katika orodha yake, inaona jina la navigateri iliyochaguliwa, inaiita na kuipa ile anwani. Navigateri iliyochaguliwa hivi, mashini zetu za Kifaransa zinaiita « par défaut ». Sisi tuseme: navigateri ya kwanza.

Kwa hiyo kuna watu watatu katika kazi hii: anayeomba (programu ya barua), anayeelekeza (Windows na orodha yake), na anayetenda (navigateri). Mmoja akikosekana, kazi haifanyiki.

II. Asili ya kosa

Tuchukue mfano wa misioni. Zamu wa mlangoni ana karatasi: « Wanaotafuta vyeti vya Batizo, uwapeleke kwa Padri fulani, chumba cha tatu. » Siku moja Padri yule anahamishwa kwenda parokia nyingine. Anabeba mizigo yake, chumba kinafungwa, lakini hakuna aliyesahihisha karatasi ya zamu. Wageni wanafika, zamu anawapeleka chumba cha tatu, wanabisha hodi, hakuna mtu. Hata hivyo mapadri wengine wawili wako nyumbani, tena wanaweza kuandika cheti. Kosa si la wageni, wala si la mapadri waliobaki. Kosa ni la karatasi isiyosahihishwa.

Ndivyo ilivyo katika ordinateri. Ulipoweka Chrome na kukubali iwe navigateri ya kwanza, iliandika jina lake katika orodha ya Windows: jina hilo ni « ChromeHTML ». Firefox inaandika jina linaloanza na « FirefoxHTML » au « FirefoxURL ». Ukifuta navigateri, kwa kawaida inapaswa kuondoa jina lake pia. Lakini pengine hailiondoi: labda kazi ya kufuta ilikatika kwa kukosa umeme, labda mtu alitupa dosie ya programu pasipo kupita njia ya halali, labda programu yenyewe iliacha mabaki. Basi Windows inaita navigateri ambayo haiko tena. Kwa kuwa haipati wa kuita, inarudisha jibu lile la « kukatazwa ». Mara nyingi maneno hayo si ya kweli: hakuna aliyekataza kitu, ila njia imepotea.

Ajali hii ilikuwa nyingi sana katika Windows 7, zaidi kwa wenye kutumia Outlook. Windows 10 na Windows 11 mara nyingi zinarudi zenyewe kwa Edge, lakini si kila mara.

Mbona watu wanafuta navigateri? Sababu moja inatugusa sisi tunaotumia mashini za zamani tulizopewa kama msaada. Chrome ya namba 110, iliyotoka mwezi wa Februari 2023, haikubali tena Windows 7. Firefox 115, ya mwaka ule ule, ndiyo ya mwisho iliyoikubali. Mtu anaona maonyo kila siku, anachoka, anafuta. Ana haki ya kufuta, ila afute kwa utaratibu.

III. Kupima kabla ya kutibu

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Si kila kiungo kisichofunguka kinaugua ugonjwa huu. Fanya mapimo manne.

Pimo la kwanza. Fungua navigateri iliyobaki, uandike kwa mkono anwani unayoijua vema, kwa mfano www.vatican.va. Ikiwa hakuna kinachofunguka, ugonjwa ni wa mtandao: mega zimekwisha, au antena ya simu haifanyi kazi. Usiguse kitu kingine.

Pimo la pili. Ikiwa ukurasa huo umefunguka, nakili anwani iliyomo katika kiungo kibaya, uibandike katika navigateri. Ukiona namba 404, basi navigateri yako ni nzima, na ukurasa wenyewe ndio haupo tena pale ulipokuwa. Dawa haiko kwako, iko kwa mwenye ukurasa. Mwandikie akupe anwani mpya.

Pimo la tatu. Ikiwa anwani iliyobandikwa imefunguka vizuri, lakini ukiifinya ndani ya barua haifunguki, basi umepata ugonjwa wetu: navigateri nzima, mtandao mzima, orodha ya Windows mbovu.

Pimo la nne, kwa mashini inayotumiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na jina lake la kuingilia. Ingia kwa jina la mwingine, kwa ruhusa yake, ufinye kiungo kile kile. Windows inamwekea kila mtu orodha yake. Kama kwa Padri ekonomo kinafunguka na kwa fratri hakifunguki, ni alama ya hakika kwamba orodha ya fratri ndiyo yenye kosa.

Angalia tena: hata kabla ya kuponya, pimo la tatu limekupa njia ya kufanya kazi ya leo. Nakili anwani, bandika, endelea. Barua ya jimbo isingoje mpaka mashini ipone.

IV. Dawa

Dawa ziko tatu. Anza na ya kwanza. Ikiponya, usiende kwa ya pili.

Dawa ya kwanza: kuchagua navigateri ya kwanza upya. Katika Windows 10 na 11, fungua « Paramètres », kisha « Applications », kisha « Applications par défaut ». Katika Windows 10, tafuta mahali palipoandikwa « Navigateur web », ufinye, uchague navigateri uliyo nayo. Katika Windows 11, finya jina la navigateri yako katika orodha, kisha ufinye kifungo « Définir par défaut » kilicho juu. Kisha utazame chini kama mistari hii minne inabeba jina moja: .htm, .html, HTTP, HTTPS. Ukiona mstari mmoja umebaki bila jina, au na jina la navigateri iliyofutwa, uusahihishe. Katika Windows 7, njia inapita kwa « Panneau de configuration », kisha « Programmes par défaut ».

Ikiwa jina la navigateri yako limekwisha kuandikwa pale na viungo bado vinakataa, chagua nyingine kwanza, kisha urudie ile unayoitaka. Kwa kubadili hivi unailazimisha Windows iandike orodha upya. Zima mashini, uiwashe, ujaribu kiungo. Wengi wanapona hapa.

Dawa ya pili: kumrudisha aliyeondoka, halafu kumwaga vizuri. Weka tena navigateri uliyoifuta. Ikiisha kukaa, viungo vitafunguka, maana jina lililo katika orodha limepata mwenyewe. Sasa weka navigateri nyingine kuwa ya kwanza kwa njia tuliyosema juu. Jaribu kiungo: kifunguke katika hiyo mpya. Ndipo ufute ile ya zamani, kwa njia ya « Applications » ndani ya « Paramètres », wala si kwa kutupa dosie yake. Dawa hii inakula mega nyingi, kwa hiyo ni vema kuifanyia mahali penye mtandao wa bei nafuu, au kuchukua programu kwa rafiki katika kle ya USB iliyopimwa virusi.

Dawa ya tatu: kusahihisha rejistri kwa mkono. Hii ni kwa mashini za zamani, zaidi Windows 7, na kwa mtu mwenye mkono wa utulivu. Rejistri ni kitabu ambamo Windows inaandika mambo yake yote. Kosa ndani yake laweza kuizuia mashini isiwake tena. Kwa hiyo fuata hatua hizi bila kuongeza wala kupunguza:

1. Finya pamoja kifungo chenye alama ya Windows na herufi R. Andika regedit, uthibitishe.

2. Upande wa kushoto, shuka hivi: HKEY_CURRENT_USER, kisha Software, kisha Classes, kisha .html.

3. Kabla ya kugusa kitu, finya « Fichier », kisha « Exporter », uweke nakala ya sehemu hiyo mahali unapopajua. Ukikosea, utafinya nakala hiyo mara mbili, na mambo yatarudi kama yalivyokuwa.

4. Upande wa kuume, tazama mstari wa « (par défaut) ». Ukiona pale jina la navigateri iliyofutwa, kama ChromeHTML, finya mara mbili, ulifute, uandike htmlfile, uthibitishe.

5. Fanya vile vile kwa .htm na .shtml, kama zipo. Ikiwa hazipo, usiziumbe.

6. Funga, uzime mashini, uiwashe tena.

Katika Windows 10 na 11, uchaguzi wa navigateri umewekwa katika sehemu nyingine ya rejistri iitwayo UserChoice, nayo imetiwa muhuri wa siri. Ukiandika pale kwa mkono, Windows itaona muhuri haulingani, nayo itakataa andiko lako. Kwa hiyo kwa mashini hizo rudia dawa ya kwanza na ya pili, usipoteze saa zako katika rejistri.

Wenye kutumia Linux watapata jambo hili katika mapangilio ya mfumo wao, penye programu za kwanza. Wenye kupenda kuandika amri wataandika: xdg-settings set default-web-browser firefox.desktop.

Linabaki neno la picha ndogo zilizo juu ya kioo cha mashini. Kama ulitengeneza picha ya njia fupi iliyoelekea kwa Chrome, nayo Chrome imefutwa, picha hiyo haiponi kwa dawa hizi. Itupe, utengeneze nyingine.

V. Na simu?

Wengi wetu tunasoma barua na masomo ya siku kwa simu kuliko kwa ordinateri. Katika simu za Android sheria ni ile ile. Fungua « Paramètres », « Applications », « Applications par défaut », kisha mahali pa navigateri, uchague moja. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kwa kila namna ya simu. Tena katika simu nyingi Chrome ilikuja pamoja na simu yenyewe. Hiyo haifutiki, inazimishwa tu. Kama uliizimisha na viungo vya WhatsApp havifunguki tena, itafute katika orodha ya programu, ufinye « Activer », nayo itaamka bila kula mega nyingi.

VI. Kujikinga

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Mtu anayetaka kufuta navigateri ashike taratibu hii.

Kwanza, aweke navigateri mpya, wala asifute ya zamani mbele. Katika mashini isiyo na nyingine, ukifuta ile moja umekata tawi ulilokalia: utapitia wapi kuitafuta nyingine katika mtandao?

Pili, aichague hiyo mpya kuwa ya kwanza, na ajaribu kiungo kimoja toka ndani ya barua.

Tatu, achukue nakala ya anwani alizozihifadhi. Chrome na Firefox zote mbili zinaweza kuziandika zote katika fishie moja ya .html, nayo navigateri mpya itaisoma. Maneno ya siri ya kuingilia vilevile ayaandike mahali pa salama.

Nne, ndipo afute. Chrome, wakati wa kufutwa, inauliza kama ifute pia habari zako. Usitie alama pale ikiwa hujapata nakala. Ukiacha bila alama, habari hizo zinabaki katika mashini, na siku utakapoirudisha Chrome utazikuta.

Tano, ahifadhi katika kle ya USB programu kamili ya navigateri moja, ile isiyohitaji mtandao wakati wa kuiweka. Kwa sisi ambao mtandao unapotea siku nzima, kle hiyo ni akiba ya njaa.

Aepuke pia kurasa zinazoahidi kutengeneza mashini « kwa mara moja na bure ». Hakuna programu ya pekee inayohitajika kwa ugonjwa huu. Vyote vya kuuponya vimo ndani ya Windows.

Na ikiwa hapana budi kumpelekea mtu wa kutengeneza, sherti kwanza kuchukua nakala ya fishie zote za parokia, na kumwambia wazi: « Usifute kitu. Kosa ni la navigateri ya kwanza, si la mashini. » Anayejua kazi yake atakuelewa. Asiyekuelewa, usimwachie mashini.

Tusisahau kwamba kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vyake vya wabatizwa, vya ndoa na vya wafu, na kwamba paroko aangalie viandikwe sawasawa na kutunzwa. Ordinateri inasaidia kazi hiyo, haichukui nafasi ya kitabu cha karatasi. Mwishoni mwa mwezi wa Juni 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba, watu wengi walikimbia na mzigo mmoja tu kichwani. Siku kama hizo, jina la mtoto aliyebatizwa linahitaji kuwa limeandikwa pahali zaidi ya pamoja: katika kitabu, katika mashini, na katika nakala iliyo mbali na vyote viwili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiungo kikikataa kufunguka, usiseme mashini imekufa. Pima mara nne, usahihishe orodha, ujaribu tena. Na kabla ya yote, leo hii, kabla mashini haijaugua, chukua kle ya USB unakili vitabu vyako.